Majike Wasiosimuliwa: Fisi na Simba wa Queen Elizabeth katika Ngano na Habari Zetu

Mwanafunzi yeyote aliyesoma Kiswahili katika shule za Afrika Mashariki anamjua fisi. Ni mlafi, mwoga na mjinga. Ndiye aliyeshindwa na njia mbili: pua ilimwambia kuna nyama huku na kuna nyama kule, akazitaka zote, akapasuka msamba. Anamjua pia simba, mfalme wa nyika, anayeitisha mikutano ya wanyama na kutoa hukumu. Wahusika hawa wawili tumewahakiki darasani mara nyingi. Tunaandika kwamba fisi anawakilisha tamaa na simba anawakilisha utawala, tunapewa alama, tunafunga daftari. Kuna swali moja ambalo hatuliulizi: fisi huyu ni dume au jike? Na simba je?

Swali hili linaweza kuonekana la mzaha. Kwangu si la mzaha, kwa sababu ya mahali ninapotoka. Mimi ni mtu wa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Gari linalotutoa Bwera kwenda Kasese mjini hupita Kikorongo, kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambayo ilitangazwa mwaka 1952 kwa jina la Kazinga na kupewa jina la malkia wa Uingereza mwaka 1954. Kwetu fisi na simba si wahusika tu. Ni majirani, na baadhi yetu wamepoteza ng'ombe na mbuzi kwa ajili yao. Vilevile, hifadhi hii ni mojawapo ya sehemu za Afrika Mashariki ambazo tabia na idadi za wanyama pori zimechunguzwa kwa miaka mingi. Kituo cha utafiti cha Mweya kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo tuna vitu viwili mahali pamoja: ngano za wazee wetu na maandishi ya watafiti. Mtu anayesomea fasihi hana budi kuviweka meza moja na kuvisoma pamoja.

Hoja yangu ni hii. Ngano zetu na habari za magazeti na redio zinafanana kwa jambo moja: zote zinamwacha jike nje ya hadithi. Watafiti nao, kila walipokaa muda mrefu na walanyama, wamekuta kwamba jike ndiye anayeshikilia kundi. Hadithi zinapomwacha nje, tunakosa kuelewa kwa nini wanyama hawa wanapungua. Kosa hili si la lugha ya Kiswahili. Ni la mazoea yetu ya kusimulia, na mazoea hubadilika.

Fisi wa ngano na fisi wa watafiti

Katika zoezi la fasihi simulizi nilirekodi ngano chache kwa wazee wa Bwera na Kasese. Bibi mmoja alinisimulia kisa cha fisi aliyealikwa harusi mbili siku moja. Alipomaliza nikamwuliza, "Bibi, huyo fisi alikuwa dume au jike?" Akacheka sana. "Mjukuu wangu, fisi ni fisi. Lakini jike angepata wapi nafasi ya kuzurura hivyo? Angekuwa nyumbani na watoto."

Jibu hilo limenifunza kuliko kitabu. Bibi hakuwa ametaja jinsia popote katika kisa chake, lakini picha ya dume ilikuwa kichwani mwake, na kichwani mwangu pia. Ukitaka kujua picha hiyo imeenea kiasi gani, sikiliza utani wa vijana. Kenya, wanaume wanaokimbizana na wasichana wanajiita Team Mafisi, na jina hilo limevuka mpaka mpaka kwetu. Fisi wa utani huo ni mwanaume mwenye njaa, asiyechagua, asiyejua kushiba.

Sasa tumtazame fisi madoa mwenyewe. Hans Kruuk alimchunguza Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, na kitabu chake kilitoka mwaka 1972. Alionyesha kwamba fisi si mwokota mabaki tu. Huwinda mwenyewe sehemu kubwa ya chakula chake, na Ngorongoro aliona mara nyingi simba ndiye anayefika mwisho na kumnyang'anya fisi mawindo yake. Tangu mwaka 1988 Kay Holekamp na wanafunzi wake wamefuatilia fisi wa Maasai Mara, kizazi baada ya kizazi, wakimtambua kila mmoja kwa madoa yake. Walichokuta kinapindua ngano yetu juu chini. Jike ni mkubwa kuliko dume kwa mwili, na ndiye mwenye amri. Kila kundi lina ngazi ya vyeo, na mtoto huchukua cheo kinachofuata cha mama yake. Dume akikomaa huondoka alikozaliwa, huenda kubisha hodi katika kundi jingine, na huko huanzia chini kabisa. Kwenye mzoga, jike mwenye cheo na watoto wake hula kwanza. Dume mgeni hungoja.

Kwa hiyo kijana anayejisifu kuwa fisi, kama angeishi kama fisi kweli, angesimama mwisho wa foleni nyuma ya mama, binti na wajukuu. Nadhani utani ule ungekwisha siku hiyohiyo.

Jambo jingine linastahili kutajwa bila aibu. Kiungo cha uzazi cha fisi jike kwa nje kinafanana na cha dume, na kwa karne nyingi watu wa mataifa mbalimbali wameamini kwamba fisi ana jinsia mbili au kwamba hubadilika. Msamiati wetu una neno la karibu na imani hiyo, jikedume, ambalo hutumika kumwelezea mwanamke mwenye nguvu au ukali unaodhaniwa kuwa wa kiume, na mara nyingi si kwa sifa. Mwanaume akiitwa dume ni pongezi. Akiitwa jike ni tusi. Mwanamke akiitwa jike ni tusi pia. Neno ambalo lingetusaidia kusimulia habari za wanyama kwa usahihi limechafuliwa kwa kutumiwa kwa watu, na nadhani hii ni sababu mojawapo ya wasimulizi kulikwepa.

Kiambishi a- hakina kosa

Hapa wanafunzi wenzangu wa isimu watanisaidia. Kiingereza humlazimisha msimulizi achague: mnyama huyu ni wa kiume, wa kike, au ni kitu tu. Kiswahili hakimlazimishi. "Fisi alikuja, akala, akaenda" ni sentensi iliyo wazi kabisa. Kiambishi a- kinambeba dume na jike bila kubagua, na wanyama wote wanaingia katika upatanisho wa viumbe hai pamoja na watu. Kama kuna lugha ambayo ngano zake zingeweza kuwa na fisi jike bila kubadilisha hata herufi moja, ni lugha hii.

Jinsia huingia kupitia majina ya heshima. Bwana Fisi. Mzee Kobe. Mfalme Simba. Jike naye akiingia hadithini huingia akiwa mzazi: Mama Kuku na vifaranga vyake. Ukiondoa vyeo hivi, ngano nyingi hazipotezi chochote cha msingi. Ujanja wa sungura unabaki ujanja, na ulafi wa fisi unabaki ulafi. Ukiviacha, msikilizaji mtoto anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba nyika inatawaliwa na madume, na kwamba kazi ya jike ni kulinda watoto na kuogopa.

Simba wa kweli hawaishi hivyo. Tangu utafiti wa simba wa Serengeti ulipoanza mwaka 1966, jambo hili limeonekana tena na tena: kundi la simba ni majike wa ukoo mmoja, akina mama, mabinti, dada na shangazi, wanaokaa katika eneo lao miaka na miaka. Madume huja, hukaa kwa muda, hufukuzwa na madume wengine. Majike ndio wanaofanya sehemu kubwa ya uwindaji na wanaolea watoto kwa pamoja. Ukitaka kutumia lugha ya utawala, dume anafanana zaidi na mlinzi wa mkataba kuliko mfalme.

Jacob aliyevuka maji

Mtu anaweza kusema kwamba ngano ni za zamani na habari za leo ni tofauti. Nichukue basi habari ya simba iliyosikika kuliko zote kutoka hifadhi yetu katika miaka ya karibuni, ile ya Jacob.

Jacob ni simba dume wa Queen Elizabeth. Alipoteza mguu mmoja wa nyuma kwa mtego wa majangili, akajeruhiwa na nyati, akapona, akaendelea kuwinda kwa miguu mitatu. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, yeye na ndugu yake Tibu waliogelea kuvuka Mfereji wa Kazinga, maji yanayounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, yenye viboko na mamba. Watafiti waliwapiga picha kwa droni yenye kamera inayoona joto la mwili. Majaribio ya kwanza hayakufaulu. Walirudi ufukweni, na mara moja ilionekana kuna mnyama anawafuata majini. Mwishowe walivuka, umbali wa zaidi ya kilomita moja. Makala ya Alexander Braczkowski na wenzake ilichapishwa katika jarida la Ecology and Evolution mwezi Julai mwaka huohuo, na habari ikazunguka dunia nzima.

Nilizisoma taarifa hizo kama mwanafunzi wa fasihi na nikaona muundo ninaoujua. Shujaa mwenye kovu. Ndugu wa kumsindikiza. Usiku. Maji. Mnyama wa hatari majini. Kushindwa mara ya kwanza, kisha ushindi. Huu ni muundo wa utendi. Waandishi hawakuubuni, tukio lenyewe lilikuwa na umbo hilo, na wala sisemi wangelinyima sifa yake. Ninachosema ni kwamba umbo la utendi lilimeza sababu ya tukio.

Kwa nini simba wawili waingie kwenye maji yenye mamba? Watafiti walitoa maelezo, na yote yamo katika makala yao. Saa chache kabla, ndugu hao walishindwa katika ugomvi na madume wengine. Daraja la Katunguru lipo, lakini ni njia ya magari na watu. La msingi zaidi, majike hawatoshi. Katika kundi la simba lenye afya, majike wazima huwa karibu mara mbili ya madume. Queen Elizabeth uwiano huo umevurugika, na madume wanagombania majike wachache waliobaki. Jacob na Tibu walivuka, kwa uwezekano mkubwa, kuwafuata majike wa ng'ambo.

Maana yake ni kwamba kiini cha habari ile kilikuwa majike wasioonekana. Taarifa nyingi zilitaja jambo hilo kwa sentensi moja na kurudi kwa shujaa, wengine wakilifanya kisa cha mapenzi. Lakini si kisa cha mapenzi. Ni dalili ya jamii ya wanyama inayokaribia kuvunjika. Ukisoma habari ya Jacob ukabaki na ushujaa peke yake, umesoma nusu, na nusu uliyoiacha ndiyo yenye onyo.

Msomaji wa tenzi asidhani hili ni geni. Katika Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa, tunamkumbuka Liyongo na nguvu zake. Aliyemtoa kifungoni, hata hivyo, ni mama yake aliyeficha tupa ndani ya mkate, na Saada aliyeupeleka mkate huo gerezani. Bila wanawake hao wawili, utendi ungeishia gerezani. Wao wamo katika maandishi. Sisi wasomaji ndio tunaowasahau tunapoulizwa kutaja sifa za shujaa.

Hamukungu, Aprili 2018

Majike wa Queen Elizabeth walikwenda wapi? Sehemu ya jibu iko karibu na Hamukungu, kijiji cha wavuvi na wafugaji kando ya Ziwa George, wilaya ya Kasese. Mwezi Aprili 2018 simba 11 walikutwa wamekufa kwa sumu karibu na kijiji hicho. Habari ilienea kwa idadi hiyo: simba kumi na mmoja. Idadi ni sahihi. Lakini ukiifungua, ndani yake mna majike watatu na watoto wanane. Hapakuwa na dume mzima hata mmoja.

Hapa ndipo tabia na idadi zinapokutana. Simba jike hubeba mimba kwa miezi mitatu na nusu hivi, kisha watoto humtegemea kwa karibu miaka miwili kabla hajazaa tena. Mabinti hubaki katika kundi la mama zao. Kundi la simba halikaribishi jike mgeni kwa urahisi. Dume akifa, dume mwingine huja, ingawa ujio wake huwa na gharama, maana mara nyingi huwaua watoto wadogo aliowakuta. Jike akifa, nafasi yake hujazwa na binti aliyemzaa mwenyewe au haijazwi. Pale Hamukungu walikufa mama na mabinti siku moja. Haikuwa simba 11 kutolewa katika jumla. Ilikuwa ukoo kufutwa.

Tena Machi 2021, huko Ishasha, upande wa kusini wa hifadhi, ambako simba hupanda mikuyu na watalii huja kuwatazama, simba sita walikutwa wamekufa kwa sumu, vichwa na nyayo vimekatwa. Kando yao walikutwa tai waliokufa. Sumu haichagui: anayekula mzoga hufa, awe simba, fisi au tai. Tai na fisi hawana majina kama Jacob, kwa hiyo hakuna anayewaomboleza.

Nina lawama kwa takwimu pia, si kwa hadithi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikadiria simba 408 na fisi madoa 324 katika maeneo makuu ya hifadhi za savana nchini Uganda. Njia iliyotumika ilikuwa kucheza kwa vipaza sauti mlio wa ndama wa nyati aliye mashakani, kisha kuhesabu walanyama waliofika. Ni kazi ngumu na ya thamani. Lakini idadi kama 408 ikitoka katika makala ikaingia katika hotuba, hubaki namba tupu, isiyosema wangapi kati yao wanaweza kuzaa. Njia za baadaye, ambazo mtafiti humtambua kila simba kwa mpangilio wa vidoa vya masharubu yake na kuandika jinsia yake, ndizo zilizofichua kwamba uwiano umevurugika. Mtafiti aliyemtambua kila mmoja aliona kitu ambacho jumla haikuweza kumwonyesha. Mhakiki wa fasihi anaielewa hoja hii mara moja. Hatuhesabu wahusika, tunauliza kila mmoja anafanya nini katika hadithi.

Nguchiro wa Mweya

Mfano wangu wa mwisho ni mnyama mdogo asiyepewa nafasi katika ngano tunazofundishwa. Pale Mweya, kwenye rasi kati ya Ziwa Edward na Mfereji wa Kazinga, nguchiro wenye miraba wamefuatiliwa na watafiti tangu katikati ya miaka ya 1990. Ni walanyama pia, ingawa chakula chao kikubwa ni wadudu. Majike wa kundi moja mara nyingi huzaa usiku mmoja, ndani ya shimo moja, na watoto wakachanganyika hata mama asijue yupi ni wake. Wote huwanyonyesha na kuwalisha kwa pamoja. Mwaka 2021 ilichapishwa taarifa kwamba watafiti walipowapa baadhi ya majike wajawazito chakula cha ziada, watoto wao walizaliwa wakubwa. Lakini baadaye malezi zaidi yalikwenda kwa watoto wadogo wa akina mama wengine, hadi tofauti ikapungua.

Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya akina mama, na msimulizi wetu wa kawaida angeridhika. Lakini utafiti uliotoka mwaka 2020 ulionyesha upande mwingine. Majike wa nguchiro huongoza kundi lao kwenda kupigana na kundi jirani wakati wa joto lao, na katikati ya vurugu hupandwa na madume wa upande wa pili. Wanaokufa zaidi katika vita hivyo ni madume. Ninautaja mfano huu makusudi, nisije nikaeleweka kwamba nataka jike awe malaika wa kila kisa. Nataka awemo. Akiwemo, atakuwa mlezi, mwindaji, mtawala, na pengine mchochezi wa vita, kama mhusika yeyote mwenye uzito.

Pingamizi

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya insha hii aliniambia, "Ndugu yangu, ngano si somo la bayolojia. Fisi wa ngano ni binadamu aliyevaa ngozi." Ana haki. Hakuna mzee aliyesimulia kisa cha njia mbili akidhani anafundisha tabia ya wanyama, na sipendekezi tuwasahihishe wazee.

Lakini pingamizi hilo linakata pande zote mbili. Kama fisi ni binadamu, basi kumfanya dume siku zote ni usemi kuhusu binadamu, na mhakiki anapaswa kuuona. Tena ngano haibaki katika ngano. Mtangazaji wa redio Kasese anapotangaza kwamba "mfalme wa nyika" ameuawa, na waliouawa ni majike watatu na watoto, ngano imeingia katika taarifa ya habari na kubadilisha waliokufa.

Kuna hatari nyingine upande wa pili, nayo inanigusa zaidi. Habari za sumu humhitaji mwovu, na mwovu aliye karibu ni mfugaji. Mfugaji naye tusimfanye fisi wa ngano. Wasongora walipoteza malisho mengi hifadhi ilipoanzishwa, na mwaka 2006 wengine walifukuzwa kutoka Virunga, upande wa Kongo, wakaingia na ng'ombe wao ndani ya Queen Elizabeth kabla serikali haijawatafutia ardhi. Mtu aliyeamka asubuhi na kukuta ng'ombe wake ameliwa hana haja ya kufundishwa ubaya wa tamaa. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 iliweka utaratibu wa fidia kwa madhara ya wanyama pori, na asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi hupangiwa jamii zinazopakana nayo. Hayo ni mambo ya kujadiliwa na kudaiwa. Hadithi yenye mfalme upande mmoja na muuaji upande mwingine haituachii nafasi ya kuyajadili.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Makala karibu zote nilizozitaja zimeandikwa kwa Kiingereza. Simba na fisi wa Queen Elizabeth wanavuka kwenda Virunga na kurudi bila pasipoti, na lugha inayovuka pamoja nao pale Mpondwe ni Kiswahili, hata kama wenyeji huongea Lhukonzo nyumbani. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwaka huohuo Kongo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tunaosomea lugha hii mara nyingi tunaulizwa itatufaa nini. Jibu mojawapo ni hili: kuna elimu kubwa kuhusu majirani zetu wenye manyoya, imekusanywa hapahapa Kasese, na haijasimuliwa kwa watu wanaoishi nao.

Kuisimulia si kutafsiri istilahi tu. Ni kuamua nani anaingia katika sentensi. Habari ya Aprili 2018 ingeweza kuandikwa hivi: "Majike watatu wa ukoo mmoja na watoto wao wanane wamekufa kwa sumu karibu na Hamukungu. Majike hao ndio waliokuwa wakizaa na kulea katika eneo hilo. Itachukua miaka mingi pengo lao kuzibwa, kama litazibwa." Sentensi tatu, hakuna mfalme, hakuna istilahi ngumu. Mfugaji anayejua thamani ya mtamba na ya ng'ombe mwenye mimba angeielewa kuliko mtu yeyote, kwa sababu katika zizi lake mwenyewe hakuna anayehesabu mafahali kwanza.